Kilimia Ndani ya Kopo la Maziwa

Juzi binti yangu wa miaka tisa aliniuliza swali lililoninyima raha: "Baba, kumbe Bibi alikuwa mwongo?"

Bibi yake, yaani mama yangu, alikuwa akimsimulia kwamba kila masika nyota za Kilimia hushuka shambani kulima, ndiyo maana hazionekani. Shuleni mtoto akaambiwa nyota hazilimi. Mwalimu kasema kweli. Lakini hata mimi, nilipomaliza sekondari, nilimcheka mama kwa hadithi hiyohiyo, na amefariki sijamwomba radhi.

Maana hadithi ile ilikuwa kalenda. Jina Kilimia latokana na kulima. Waxhosa wa Afrika Kusini nao huziita isiLimela, mzizi uleule. Mwishoni mwa Aprili, jua likishatua, Kilimia huwa chini kabisa upande wa magharibi. Mei hakionekani. Juni huchomoza mashariki kabla hakujapambazuka, na masika huwa yamekwisha. Mkulima aliyeikumbuka hadithi alijua yuko wapi katika mwaka.

Sasa, kwa nini kipotee? Nilitafuta kopo tupu la maziwa, nikatoboa kitako chake kwa msumari, matundu sita yaliyosongamana. (Msumari ushike mwenyewe, mzazi, usimwachie mtoto.) Tukatia tochi ndani, tukalilaza kopo juu ya kabati, kitako kikitazama chumbani. Katikati ya chumba tukaweka taa ya chemli: hiyo ndiyo jua. Binti akawa dunia, akaanza kuizunguka.

Alipokuwa kati ya taa na kopo, taa ikiwa mgongoni, aliyaona matundu yote sita. Hiyo ni Novemba, Kilimia huonekana usiku kucha. Alipofika ng'ambo ya pili, taa ikawa baina yake na kopo. Akafinya macho, asione kitu. "Hapo ni Mei," nikamwambia. "Nyota ziko palepale. Wewe ndiye uliyehama, jua likakuzibia."

Anayetaka kumwonyesha mwanawe Kilimia chenyewe angoje Novemba, giza likishaingia, atazame mashariki. Hapa mjini taa nyingi humeza nyota, basi heri ufukweni.

Binti alizunguka mara tatu, kisha akasimama ng'ambo ya taa na kuuliza: "Na Bibi alijuaje siku za kurudi kwake, bila kopo?"

Nikamwambia alikuwa akiamka alfajiri, akitoka nje kutazama.