Je, Wajua? Barabara za Angani Juu ya Tlawi

Je, wajua kwamba ukivuta uzi kwenye ramani kutoka Nairobi hadi Lusaka, uzi huo unapita karibu kabisa na Mbulu? Mkulima wa Tlawi, huko Mbulu, anayeinua macho kutoka kwenye tuta la vitunguu swaumu na kuona mstari mweupe angani anatazama barabara. Haina lami wala alama, lakini ina sheria, ina mipaka, na ina watu wanaoilinda usiku na mchana.

Je, wajua barabara hiyo iko juu kiasi gani? Chukua Mlima Hanang wenye mita 3,417, bandika Hanang ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ndege iliyo futi 36,000 itapita juu ya kilele cha hiyo ya tatu na kubakiza zaidi ya mita 700.

Je, wajua kwamba ndege inayokwenda Lusaka na ile inayorudi Nairobi hazishiki kimo kimoja? Zinazoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya witiri: 35,000, 37,000, 39,000. Zinazoelekea magharibi hupewa ya shufwa. Kwa hiyo zikikutana juu ya Ziwa Tlawi, moja ikiwa futi 36,000 na nyingine 37,000, kati yao kuna futi 1,000, yaani mita 305, pungufu kidogo ya viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Nazo zinakaribiana kwa karibu nusu kilomita kila sekunde.

Je, wajua kwamba nafasi hiyo ya futi 1,000 ina siku yake ya kuzaliwa? Ni tarehe 25 Septemba 2008. Kabla ya hapo, ndege zilizoruka juu ya futi 29,000 katika sehemu kubwa ya anga la Afrika zilitenganishwa kwa futi 2,000, kwa sababu vipimo vya kimo vya zamani havikuaminika sana huko juu ambako hewa ni nyepesi. Vipimo vilipoboreshwa, Ulaya ilipunguza nafasi hiyo Januari 2002. Sisi tulichukua zaidi ya miaka sita baada yao, na sababu yake inafaa kueleweka. Nchi moja haiwezi kufanya badiliko hilo peke yake. Kama Tanzania ingepunguza na jirani akabaki na futi 2,000, kila ndege inayovuka mpaka ingelazimika kupandishwa au kushushwa palepale mpakani, mahali ambapo mwongoza ndege mmoja anaiachia na mwingine anaipokea. Ilibidi mashirika ya ndege yathibitishe vipimo vya ndege zao, waongoza ndege wafundishwe upya, na nchi za Afrika ziafikiane siku moja na saa moja. Zikaafikiana. Kati ya futi 29,000 na 41,000 palikuwa na vimo saba vya kuruka. Usiku ule vikawa kumi na vitatu. Rubani anayepata kimo kinachoifaa ndege yake huchoma mafuta machache zaidi, na msongamano hupungua bila nchi yoyote kujenga hata uwanja mmoja. Kwangu mimi, hilo ni moja ya mambo makubwa ambayo bara letu limefanya kwa pamoja, na ni wachache mno wanaolijua.

Je, wajua kwamba ndege iliyopaa Nairobi kuelekea kusini inaingia anga la Tanzania kabla robo saa haijatimia? Kabla haijafika mpakani, kituo cha Nairobi huwa kimeshakiarifu kituo cha Dar es Salaam: ndege fulani, kimo fulani, itavuka mahali fulani dakika fulani. Dar es Salaam hukubali au hukataa. Utaratibu wote, hadi kimo kipi kitumike na nani apige simu kwanza, umeandikwa kwenye barua ya makubaliano iliyosainiwa na pande zote mbili. Ni kupokezana kijiti, ila hiki hakiruhusiwi kuanguka.

Je, wajua kilichotokea pale kijiti kilipoanguka? Tarehe 13 Septemba 1997, ndege ya jeshi la anga la Ujerumani na ndege ya jeshi la anga la Marekani ziligongana juu ya Bahari ya Atlantiki, nje ya pwani ya Namibia. Walikufa watu 33. Ndege ya Ujerumani ilikuwa kwenye kimo kisicholingana na uelekeo wake, na taarifa za safari hazikupita ipasavyo kati ya Luanda na Windhoek.

Je, wajua kwamba katika sehemu za Afrika zenye mawasiliano hafifu na vituo vya ardhini, marubani hutangaza wenyewe mahali walipo kwenye masafa ya redio ya 126.9? Kila mmoja anasema yuko wapi, kimo gani, anaelekea wapi, na wengine wote wanasikiliza.

Je, wajua kwamba redio ya ndege haipindi kufuata duara la dunia? Ndege ikiwa futi 36,000, kituo cha ardhini huipata kwa umbali wa takriban kilomita 430. Kutoka Tlawi hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 500. Ndiyo maana lazima pawe na antena bara za kupokea sauti na kuipeleka mbele. Na kwa sababu sauti hiyo husafiri mbali hivyo, hakuna nchi inayojichagulia masafa ya redio inavyotaka, maana yatagongana na ya jirani. Hugawanywa kwa kanda. Kazi hiyo, pamoja na kupanga njia za angani na kukubaliana maboresho na tarehe zake, ina kikundi maalumu cha kanda ya Afrika na Bahari ya Hindi kilichoundwa mwaka 1980 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Shirika hilo lina ofisi mbili za kanda kusini mwa Sahara, Nairobi na Dakar.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa na idara moja tu ya usafiri wa anga? Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya kurugenzi moja. Waliosomea kazi za usafiri wa anga walikutana katika chuo cha Nairobi kilichoanzishwa 1954, na marubani katika chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa 1971. Ndege za jeti za East African Airways zilisajiliwa kwa kugawana: nyingine zilibeba 5H ya Tanzania, nyingine 5Y ya Kenya, nyingine 5X ya Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na kipande chake cha anga. Waliokuwa wafanyakazi wa ofisi moja wakawa majirani wanaoandikiana barua.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 Jumuiya mpya ilianzisha wakala wake wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe? Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kanuni za nchi wanachama zinafanana.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi ndege zinazopita juu sana ya Rwanda na Burundi zimeongozwa kutoka Dar es Salaam? Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake, lakini nchi inaweza kumkabidhi jirani kazi ya kuongoza ndege bila kupoteza mamlaka hayo. Somalia nayo, baada ya dola kuporomoka, anga lake liliongozwa kutoka Nairobi chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa tangu 1996. Lilirudishwa Mogadishu tarehe 28 Desemba 2017.

Je, wajua kwamba vita vya Khartoum viligusa safari za Kilimanjaro? Sudan ilipofunga anga lake Aprili 2023, ndege za Ulaya zinazokuja kwetu zilinyimwa njia yao ya kawaida ikabidi zizunguke. Nchi zilizozunguka Sudan zikapokea wageni ambao hazikuwapangia, na waongoza ndege wao ndio waliobeba mzigo huo.

Je, wajua kuhusu rada iliyogeuka vitabu? Mwaka 2001 Tanzania iliuziwa mtambo wa kuongozea ndege na kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, bei iliyolalamikiwa ndani na nje ya nchi. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara ile, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ilisaini mkataba wa rada nne mpya: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Tlawi iko umbali wa kilomita 180 hivi kutoka Uwanja wa Kilimanjaro, na rada ya aina hiyo kwa kawaida huona ndege za juu hadi kilomita 460.

Je, wajua kwamba saa ya rubani haifanani na yako? Anga lote la dunia hutumia saa moja ya kimataifa. Tlawi ikisema saa tatu asubuhi, rubani anaandika 0600. Ikiwa saa sita mchana, anaandika 0900. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza tatu kwenye saa ya Kiswahili, basi umepata saa ya angani.

Je, wajua kwamba jina Tlawi lina herufi tano, sawasawa na majina ya vituo vya njia za angani? Vituo hivyo havina kitu ardhini. Ni alama kwenye ramani, zenye majina ya herufi tano yanayogawiwa kupitia ICAO ili yasirudiwe. Sharti ni yatamkike kwa urahisi na rubani wa lugha yoyote, na hapo “tl” ya Kiiraqw, inayotoka ubavuni mwa ulimi, ingewatesa wageni. Wangelitaja jina hilo herufi kwa herufi: Tango, Lima, Alfa, Whiskey, India.

Je, wajua kwamba ndege za Mbulu si zile za juu tu? Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, ina kiwanja chake cha ndege. Ndege ndogo inayofuata mgonjwa huruka chini, ambako milima huziba redio na rada. Maboresho ya anga yakipangwa, na hiyo ikumbukwe.

Je, wajua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wa miaka mingi wa kuliunganisha anga la juu, kuanzia futi 24,500, liongozwe kama eneo moja? Kwa ndege ya Nairobi–Lusaka, mpaka ule wa robo saa ya kwanza ungebaki kuwa mstari wa kwenye ramani tu. Vyuo tunavyo, kanuni zinazofanana tunazo, na mwaka 2008 tulithibitisha kwamba tunaweza kugeuza karibu bara zima kwa usiku mmoja. Waheshimiwa mawaziri wa uchukuzi, mkikutana tena, ukamilisheni mpango huo.