BARUA INAYOMTANGULIA DAKTARI

Ndugu msomaji, wajua kwamba mwanafunzi akimaliza Kidato cha Nne hutoka na vyeti viwili: kile cha KCSE, na kile cha shule ambacho mwalimu mkuu ameandika maneno mawili matatu kuhusu mwenendo wake. Hicho cha pili wengi hukisahau sandukuni. Lakini huko Marekani, kwa wanafunzi wa udaktari, maneno ya mkuu yaweza kumfikisha mtu alikotamani au kumwacha nje.

Hebu nieleze. Mmarekani husoma digrii ya kwanza, kisha miaka minne ya udaktari. Akihitimu huitwa daktari, ila hawezi kufungua kliniki yake. Lazima kwanza apate nafasi ya kujifunza ubingwa hospitalini, miaka mitatu au zaidi. Nafasi hizo ndizo zinazogombewa.

Vita huanzia wodini. Mwanafunzi huzungushwa kutoka upasuaji hadi uzazi, hadi magonjwa ya watoto, na kila mahali madaktari wakubwa wanamtazama. Je, anamsikiliza mgonjwa? Akiulizwa swali ghafla, anajibu? Kisha anapewa daraja. Hapo pana utata, kwani daktari mmoja hugawa alama kama njugu na mwingine ana mkono wa birika. Yule mpole asiyejitokeza huonekana hajui kitu, kumbe anajua sana.

Madaraja na maoni hayo yote hukusanywa na chuo katika barua moja. Zamani iliitwa Barua ya Mkuu wa Kitivo, na kazi yake ilikuwa kusifu. Nani atamkosoa mwanawe mbele ya wageni? Vyuo vingine vilipanga wanafunzi kwa maneno: "wa kipekee", "bora sana", "mzuri sana", "mzuri". Ati mzuri! Kumbe huyo "mzuri" ndiye aliyeshika mkia. Mwaka wa 2002 barua ilibadilishwa jina ikawa tathmini, yaani ipime badala ya kupendekeza. Sasa inatakiwa kuonyesha mwanafunzi yuko wapi akilinganishwa na wenzake, na kama aliwahi kurudia somo au kuadhibiwa. Mwenyewe huruhusiwa kuisoma kabla haijatumwa.

Tangu Januari 2022, ule mtihani wa kwanza wa leseni hautoi tena alama. Ni kupita au kuanguka tu. Nia ilikuwa kupunguza wazimu wa kukimbizana na namba. Mimi naona mzigo umehamishwa bega tu: mtihani wa pili bado una alama, na barua nayo inachunguzwa zaidi.

Mwezi wa Machi wote husubiri. Waombaji na hospitali wamekwisha kuorodhesha wanaowapenda, na mpango maalumu, ulioanza mwaka wa 1952, huwaoanisha. Jumatatu mtu huambiwa kama amepata nafasi. Ijumaa huambiwa ni wapi. Akishapangiwa, hana ruhusa ya kuchaguachagua.

Na usidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Daktari aliyesomea Nairobi au Eldoret akitaka ubingwa kule, chuo chake hapa nyumbani hutakiwa kutuma tathmini hiyo hiyo. Itasomwa na watu wasiozijua wodi zetu, wala hawajui kwamba kwetu mhadhiri akikupa alama 70, amekusifu kweli kweli.