Je, Wajua? Kituo cha Sayansi na mapacha wagumu kutengana

Konda anapoita "Sayansi!" pale Kijitonyama, Kinondoni, anataja jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Abiria wengi hushuka bila kujua kwamba tume hiyo husimamia MTUSATE, mfuko wa serikali unaogharimia utafiti nchini.

Na kazi ya kutafiti ipo. Mlima Ngualla, mkoani Songwe, una madini adimu: neodimi na praseodimi, zinazotengeneza sumaku kali za mota za magari ya umeme, na hata za visikilizio vidogo vinavyouzwa Tandika, Temeke. Kuyachimba si shida kubwa. Shida ni kuyatenganisha, maana kikemia yanafanana mno. Mwaka 1841 mkemia Carl Mosander aliyadhania elementi moja, akaiita "pacha" kwa Kigiriki. Ilichukua miaka 44 hadi Carl Auer von Welsbach kuwatenga mapacha hao mwaka 1885. Leo viwanda huyapitisha kwenye vimiminika viwili visivyochanganyika, kama mafuta na maji, hatua kwa hatua, mara nyingi mamia.

Leseni ya kuchimba Ngualla ilitolewa mwaka 2023, serikali ikishika hisa asilimia 16. Kabla ya hapo, mwekezaji alipanga kutenganishia madini hayo Teesside, Uingereza! Binafsi ningependa kuona maabara ya kuyatenganisha hapahapa, hata iwe ndogo, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka Sayansi.