Muziki Tunausikia, Lakini Maneno Yako Wapi?

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya chakula na masomo ya watoto, tuzungumze juu ya mashini iliyoingia katika salo zetu nyingi: lektere ya DVD pamoja na bafle zake, ile ambayo wengi wetu tunaiita om-sinema.

Katika mikutano ya vikundi vyetu tunasikia lalamiko moja linarudi kila mara. Filamu inacheza vizuri, ngoma inalia, gari linapita kwa kishindo, mvua inanyesha mpaka unatafuta mwavuli. Lakini watu wa filamu wakifungua kinywa, hatusikii neno. Tunaongeza sauti, muziki unatupasua masikio, majirani wanagonga ukuta, na maneno bado hayasikiki. Halafu tunasema: mashini imekufa.

Pengine mtu atauliza, jambo hili linaingiaje katika gazeti la wamama? Linaingia kwa sababu ya pesa. Fundi akiitwa na kusema «karte imeungua», ni mama anayefungua kitambaa alichofunga makuta. Linaingia pia kwa sababu vikundi vingi vinatumia mashini hizi kwa kazi: kuonyesha filamu za mafundisho ya afya, kuzikodisha kwa sikukuu za ndoa na ubatizo. Na ukweli ni huu: mara nyingi mashini haijafa. Imepangwa vibaya tu, au waya umetoka mahali pake. Mama anayejua kusoma anaweza kuligundua tatizo hilo mwenyewe, bila kufungua hata bisi moja.

KILA BAFLE INA KAZI YAKE

Tuanze kama tunavyoanza darasani, kwa kuelewa kitu chenyewe.

Redio ya zamani ilikuwa na bafle moja, na sauti yote ilipita humo. Baadaye zikaja bafle mbili, ya kushoto na ya kuume. Diski ya DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ikaleta katika nyumba sauti iliyogawanywa katika sehemu zaidi. Ukitazama karatasi ya diski au uso wa mashini, utaona namba 5.1. Maana yake ni hii: kuna sauti tano kamili, na moja ya nyongeza.

Zile tano ni: mbele kushoto, mbele kuume, katikati, nyuma kushoto na nyuma kuume. Ile ya nyongeza ni sauti nzito, ya ngurumo na mishindo, na inatoka katika lile sanduku kubwa tunaloliweka chini.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye siri ya lalamiko letu. Watengenezaji wa filamu wanaweka maneno ya watu, karibu yote, katika bafle ya katikati. Muziki wanautandaza kushoto na kuume. Upepo, ndege na kelele za watu wengi wanazipeleka nyuma. Basi bafle ya katikati ikinyamaza, maneno yanakwenda nayo. Muziki unabaki. Ndiyo maana unasikia ngoma bila kusikia mazungumzo.

MAMBO YA KUTAZAMA KWANZA

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fuateni mambo haya kwa mpangilio. Msiruke.

1. Tazameni kama fishi ya vifaa vya masikio haikubaki imechomekwa mbele ya mashini. Ikiwa ndani, bafle nyingi zinanyamaza zote. Tazameni pia kama mtoto hakubonyeza MUTE kwenye telekomande.

2. Jaribuni diski nyingine. Zile diski za sokoni zenye filamu kumi au ishirini pamoja, kwa kawaida zina sauti mbili tu, kushoto na kuume. Bafle za nyuma zikinyamaza na diski ya namna hiyo, si ugonjwa. Hakuna kitu walichopewa cha kusema. Mkitaka kupima mashini, tafuteni diski halisi yenye alama ya Dolby Digital na namba 5.1.

3. Fungueni menyu ya diski yenyewe, pale wanapochagua lugha. Mara nyingine Kifaransa kimeandikwa mara mbili, kimoja 5.1, kingine 2.0. Tena kuna diski nyingine zenye sauti ya DTS. Mashini isiyoijua DTS inanyamaza kabisa au inatoa kelele kama mvua juu ya bati. Hapo chagueni tu ile ya Dolby, na sauti itarudi.

4. Zimeni mashini, toeni fishi katika prizi, kisha tazameni nyuma. Kwenye mashini nyingi kila tundu lina rangi yake, na fishi ya bafle ina rangi ileile: nyeupe kwa mbele kushoto, nyekundu kwa mbele kuume, kijani kwa katikati, buluu kwa nyuma kushoto, kijivu kwa nyuma kuume, na zambarau kwa sauti nzito. Wakati wa kuhama nyumba au kufagia, fishi zinachomolewa na kurudishwa ovyo. Rangi na rangi zikutane.

5. Fuateni kila waya kwa mkono, tangu mashini mpaka bafle. Panya wanapenda waya unaopita chini ya mkeka. Mguu wa kiti nao unaukata polepole.

KUUTAFUTA UGONJWA

Kama yote hayo ni mazuri na bafle moja bado imenyamaza, sasa tunautafuta ugonjwa kama muuguzi anavyofanya: tunauliza kila kiungo kimoja kimoja.

Telekomande nyingi zina butoni iliyoandikwa TEST, au neno hilo liko ndani ya menyu ya SETUP, sehemu ya bafle. Mkiibonyeza, mashini inatoa sauti ya «shhh» na kuizungusha: kushoto, katikati, kuume, nyuma kuume, nyuma kushoto. Mtu mmoja asimame katikati ya salo na kuandika ni ipi imejibu na ipi imenyamaza.

Tuseme ile ya katikati imenyamaza. Zimeni tena, toeni fishi katika prizi. Chukueni waya wa bafle hiyo, mchomeke katika tundu la mbele kushoto, kama maumbo ya fishi yanalingana. Washeni kwa sauti ya chini. Kama bafle sasa inalia, basi yenyewe na waya wake ni wazima. Tatizo liko katika mpangilio au katika mashini. Kama bado imenyamaza, tatizo ni bafle au waya. Badilisheni waya peke yake: ikilia, waya ndio mgonjwa, na waya ni kitu cha bei ndogo. Ile bafle ya sauti nzito msiibadilishe na nyingine katika jaribio hili.

Kuna jaribio jingine ambalo halitaki hata umeme. Bafle ikiwa imechomolewa kabisa kutoka mashini, gusisheni ncha mbili za waya wake kwenye pile moja ndogo, ile ya telekomande, kwa nukta moja tu. Bafle nzima itasema «tak». Isiyosema kitu imekufa, au waya wake umekatika.

KAMA BAFLE YA KATIKATI IMEKUFA KWELI

Wengi hawajui jambo hili, na ndilo linalookoa pesa. Katika menyu ya SETUP, sehemu ya bafle, mashini nyingi zinauliza: bafle ya katikati ipo? Jibu linaandikwa ON au OFF, au neno kama NONE, au «Non» kama menyu iko katika Kifaransa. Mashini haina macho. Ukiiambia kwamba ipo, itaendelea kuipelekea maneno hata kama imetupwa zamani. Ukiiambia kwamba haipo, itayachukua maneno yale na kuyagawa kati ya bafle ya kushoto na ya kuume. Papo hapo mazungumzo yanarudi.

Kikundi kimoja cha wamama, kilichonunua om-sinema kwa pesa ya likelemba, kilipata shida hiyohiyo. Bafle yao ya katikati ilianguka na kupasuka katika sikukuu ya ndoa. Tangu hapo kila aliyekodi alirudisha mashini akidai nusu ya pesa yake: filamu bila maneno! Fundi mmoja aliwaambia kwamba karte yote inapaswa kubadilishwa, na bei aliyotaja ilikuwa sawa na minervali ya mtoto wa sekondari kwa muhula mzima. Wengine walitaka kuuza mashini, wengine walimshitaki mweka hazina kwamba alinunua kitu kibaya, na kikundi kilikuwa karibu kugawanyika. Tulipokaa pamoja na kusoma menyu, neno kwa neno, tulikuta mashini bado inaamini kwamba bafle ya katikati iko. Tukabadilisha neno moja. Mashini ile inaendelea kukodishwa, na bafle nne na lile sanduku la chini.

Ndiyo sababu tunasema: kujua kusoma si kwa kitabu cha shule tu.

LEKTERE PEKE YAKE, AMPLI PEKE YAKE

Wengine wana lektere mbali na ampli mbali. Hapo kumbukeni kwamba kable mbili, nyekundu na nyeupe, zinabeba sauti mbili tu. Hata ampli iwe na bafle tano, haitapata 5.1 kwa njia hiyo. Inahitajika kable ya dijitali, au HDMI, au kable sita za sauti kama matundu yake yapo.

Mkitumia kable ya dijitali, lektere itauliza katika menyu: BITSTREAM au PCM? Ampli yenye alama ya Dolby Digital, chagueni BITSTREAM. Ampli isiyo na alama hiyo, chagueni PCM. Mkikosea, mtapata kimya au kelele, na hakuna kilichoharibika.

KELELE, JOTO NA UMEME

Mashini ikinguruma «mmmm» bila kukoma, tenganisheni kable za sauti na waya za umeme; zisilale pamoja. Tazameni pia kama fishi ya sauti imeingia mpaka mwisho.

Ikiandika PROTECT au PRT na kujizima, inajilinda. Mara nyingi nyuzi za shaba za waya mwekundu na mweusi zimegusana nyuma ya bafle, au mashini imeshikwa na joto. Zimeni, toeni fishi, ngojeni ipoe, sokoteni nyuzi vizuri, kila moja mahali pake. Msiifunike kwa kitambaa cha urembo. Matundu ya juu ni pua yake.

Umeme ukikatika, chomoeni fishi mara moja. Ukirudi, unaweza kurudi kwa nguvu au kwa udhaifu. Ngojeni dakika chache, tazameni taa kama imetulia, ndipo mchomeke. Stabilizatere nzuri ni bora kuliko matengenezo matatu.

Na hili ni amri: msifungue kifuniko cha mashini. Ndani kuna sehemu zinazoshika umeme hata baada ya fishi kutolewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

TUKIMWITA FUNDI

Tusimwambie tu «imekufa». Tumwambie: «Katika TEST, bafle ya nyuma kuume haijibu. Tumebadilisha waya, bado. Tumeichomeka mahali pengine, inalia.» Fundi mwema atafurahi, kwa sababu mmempunguzia kazi. Anayetaka kudanganya atajua kwamba hapa wanajua. Ulizeni bei kabla hajafungua, na mwombe awape kile kifaa cha zamani alichokiondoa.

TUSISAHAU MASIKIO YA WATOTO

Kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, sauti imezidi. Sikio likiharibika kwa kelele, halirudi kama zamani. Tusiwalaze watoto karibu na bafle katika sikukuu. Usiku, tafuteni katika menyu neno NIGHT au DRC: linashusha mishindo na kuacha maneno yasikike, na jirani analala.

Tunaomba kila kikundi kichague wamama wawili wajifunze mambo haya, kisha wawafundishe wengine. Andikeni rangi za matundu na mpangilio wa menyu yenu kwenye karatasi, mkaibandike nyuma ya mashini. Atakayeikodi au kuifagilia ataikuta hapo. Mwenye swali alilete mkutanoni, tutalijibu katika gazeti letu.

Mpaka juma lijalo, tubaki na amani nyumbani.