Waya za Meno na Kijana wa Murongo

Meno yaliyobanana, yaliyochomoza mbele au yasiyokutana mtu anapouma ni hali iliyoenea kuliko wengi wanavyodhani. Katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, watafiti walipima watoto 1601 wa shule za msingi wenye umri wa miaka 12 hadi 14, na asilimia 63.8 walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio. Si kila kasoro huhitaji tiba, wala si kila moja humkera mwenye nayo. Mwanya wa meno ya juu ya mbele huweza kuandikwa kasoro katika vitabu vya udaktari, lakini Afrika Mashariki wengi huuona pambo la uso, na aliyejaliwa nao mara nyingi hauzibi.

Ndiyo maana kipimo cha uhitaji wa kunyoosha meno kilichotungwa Uingereza mwaka 1989 kina sehemu mbili. Ya kwanza hutazama afya ya kinywa. Ya pili ina picha 10, kuanzia meno yaliyojipanga vizuri hadi yaliyovurugika kabisa, na kijana mwenyewe anaweza kuulizwa ipi inafanana na yake. Jibu lake lina uzito, kwa kuwa ndiye atakayevaa waya.

Waya husukuma jino kwa nguvu ndogo isiyokoma. Mfupa ulio mbele ya jino huliwa taratibu, na nyuma yake hujengeka mwingine. Kazi hiyo haiharakishwi: kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, huku daktari akikaza waya kila baada ya wiki kadhaa. Zikishatolewa, huvaliwa kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka.

Faida yake ni ya kweli, ila ina mpaka. Huko Cardiff, watoto zaidi ya 1000 walianza kufuatiliwa mwaka 1981 wakiwa na miaka 11 na 12. Ukubwani, waliokuwa wakihitaji tiba na wakaipata walikuwa na meno yaliyonyooka zaidi na waliridhika nayo zaidi. Lakini kujithamini kwao na utulivu wa nafsi havikubadilishwa sana na waya. Mzazi anayemtarajia mwanawe mnyonge ageuke mchangamfu kwa waya peke yake anaibebesha tiba mzigo usio wake.

Murongo, mji wa mpakani wilayani Kyerwa unaotazamana na Kikagati ya Uganda ng'ambo ya Mto Kagera, uko zaidi ya kilomita 1000 kutoka Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha madaktari wa meno. Kwa familia inayotegemea kahawa na ndizi, safari za kukaza waya zinaweza kuwa gharama nzito kama waya zenyewe. Hapo kinga ina thamani kubwa zaidi. Jino la utotoni likioza na kung'olewa mapema, majirani zake huegemea pengo na jino la ukubwani hukosa nafasi.

Lililo baya zaidi ni kumng'oa mtoto mchanga machipukizi ya chonge, yanayoitwa ebiino Uganda na meno ya plastiki sehemu kadhaa za Tanzania, kwa kudhani ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Kifaa kichafu huweza kumuua mtoto huyo kwa maambukizi. Akipona, chonge zake za ukubwani huenda zisiote kabisa, au ziote zimeharibika na kukaa pasipo pake.