Balbu, Holda na Choki: Siri ya Taa za Senene

Senene, mdudu wa jamii ya panzi mwenye papasi ndefu ambaye wataalamu wa wadudu humwita Ruspolia differens, huruka usiku kwa makundi makubwa katika majira mawili ya mwaka, ya kwanza na makubwa yakiwa Novemba na Desemba, na ya pili yakiwa Aprili na Mei. Kwa kuwa mdudu huyo huvutwa na mwanga, na kwa kuwa ni kitoweo kinachothaminiwa sana mkoani Kagera, kuanzia Bukoba na Muleba kwenye Ziwa Viktoria hadi nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa, uvunaji uliokuwa ukifanywa kwa mikono alfajiri, umande ukiwa bado majanini, umepata mwenzake wa usiku, yaani mtego wa umeme. Mabati mapya yenye utelezi husimamishwa kwa mshazari, ncha zake za chini zikiingia katika midomo ya mapipa, kisha balbu kali huning'inizwa juu yake, na mara nyingi moshi wa majani mabichi hufukizwa ili mdudu alegee, agonge bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Masaka nchini Uganda, mitego ya namna hiyo hupangwa kwa safu.

Mtego wa aina hii huelezwa kwa kutaja wati za balbu, na balbu inayotajwa zaidi ni ya wati 400. Anayeuza balbu hasemi uongo anapotaja wati hizo, ila anasema nusu ya habari, kwa sababu taa ya aina hii haikamiliki kwa balbu peke yake. Ni vitu vitatu vinavyofanya kazi kama kimoja: balbu inayotoa mwanga, holda inayoishika na kuipitishia umeme, na choki, ambayo vitabuni huitwa balasti, inayodhibiti umeme unaoifikia balbu. Wati zinaweza kulingana katika vyote vitatu na taa bado ikakataa kuwaka, ikawaka kwa rangi isiyo yake, au ikapasuka kabla ya msimu kwisha.

Ili kuelewa jambo hilo ni lazima kwanza kuelewa kilichomo ndani ya kioo. Balbu ya metali halaidi, ambayo ndiyo inayozungumziwa hapa, haina waya unaowaka kwa joto kama balbu za zamani za nyumbani. Ndani ya kioo chake cha nje kuna kichupa kidogo cha kwatzi, au cha kauri katika balbu za kisasa zaidi, chenye gesi ya agoni, zebaki kidogo, na chumvi za metali kama sodiamu na skandiamu zilizochanganywa na iodini, na chumvi hizo ndizo zilizoipa balbu jina lake. Umeme unaporuka kutoka ncha moja ya kichupa hadi nyingine huzalisha tao la moto, zebaki hugeuka mvuke, chumvi huyeyuka na kupanda katika tao hilo, na kila metali huongeza rangi yake, hadi baada ya dakika mbili hadi tano mwanga unapokuwa mweupe na mkali. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Charles Steinmetz alipata hataza yake mwaka 1912, lakini balbu inayofaa kuuzwa ilitokana na kazi ya Gilbert Reiling katika kampuni ya General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Tao hilo lina tabia moja inayoeleza kuwapo kwa choki. Waya wa kawaida hupitisha mkondo kwa kiasi kinachojulikana, lakini gesi iliyokwisha kuwaka hupitisha mkondo kwa wepesi zaidi kadiri mkondo unavyoongezeka, kama mto uliobomoa kingo zake na kujipanulia njia. Balbu ya namna hiyo ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230, mkondo utapanda bila kikomo hadi fyuzi ikatike au balbu iharibike. Choki, ambayo kwa umbo lake rahisi ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye mabamba ya chuma, huwekwa njiani ili kuuzuia mkondo huo, na kila choki hutengenezwa kwa kipimo kimoja cha mkondo.

Kipimo hicho ndicho kisichosomwa. Ukigeuza choki nzito ya wati 400 na kupangusa vumbi lake, utaona kibandiko chenye maandishi madogo: volti 220 au 230, masafa ya hezi 50, jina la aina ya balbu, na tarakimu ya ampea. Choki iliyotengenezwa kwa balbu ya zebaki ya wati 400 huandikwa ampea 3.25, na ile ya balbu ya sodiamu, iliyozoeleka kwa mwanga wake wa rangi ya chungwa barabarani, huandikwa karibu ampea 4.5, ingawa wati ni zilezile 400. Balbu za metali halaidi zimegawanyika kati ya familia hizo mbili, baadhi zikitengenezwa kufuata mkondo wa choki ya zebaki na nyingine kufuata ule wa choki ya sodiamu. Balbu inayotaka mkondo mkubwa ikifungwa kwenye choki ya mkondo mdogo huwaka kwa unyonge, chumvi zake hazipandi vizuri, na rangi hubaki ya kijanikijani. Ile inayotaka mkondo mdogo ikifungwa kwenye choki ya sodiamu hung'aa kupita kiasi kwa siku chache za kumfurahisha mwenye mtego, huku kichupa chake kikichoka upesi na hata kuweza kupasuka.

Mkanganyiko huo una historia yake. Balbu za zebaki zilitumika kwa miaka mingi katika taa za barabarani na viwandani, na wadudu walizipenda kwa sababu mvuke wa zebaki hutoa mionzi mingi ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni lakini jicho la mdudu huiona vizuri. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwaka wa kukomesha utengenezaji na biashara ya balbu hizo kwa mwanga wa kawaida, ilhali metali halaidi haikuguswa. Balbu ya zamani inapokufa, choki yake, ambayo ni shaba na chuma tu, hubaki nzima, na kishawishi cha kufunga balbu mpya kwenye choki ya zamani huwa kikubwa.

Hapo ndipo kinapoingia kiungo cha nne kinachosahaulika, yaani ignita, kisanduku kidogo kinachotoa mpigo wa volti elfu kadhaa ili kuliwasha tao. Balbu ya zebaki haihitaji ignita, kwa kuwa ina ncha ndogo ya ziada ndani ya kichupa inayoanzisha cheche kwa volti za kawaida, lakini balbu nyingi za metali halaidi zinaihitaji, na bila hiyo zitakaa kimya usiku kucha hata kama choki ni sahihi. Zaidi ya hayo, mpigo wa ignita hudhoofika kadiri waya unavyorefuka kutoka kwenye ignita hadi kwenye balbu, na kwa aina nyingi umbali unaoruhusiwa ni mita chache tu. Katika mtego wa senene, ambako choki na vifaa vyake huwekwa chini penye kinga ya mvua na balbu ikapandishwa juu ya mlingoti, umbali huo hupitwa kwa urahisi, na fundi aliyezoea balbu za zebaki, ambazo hazijali urefu wa waya, huilaumu balbu bure. Dawa yake ni kuipandisha ignita iwe karibu na balbu, ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, na choki iachwe chini.

Holda nayo hudharauliwa kuliko vifaa vyote, labda kwa sababu ndiyo rahisi zaidi. Balbu za wati 250 na 400 za kusokota huwa na kitako cha E40, yaani skurubu yenye kipenyo cha milimita 40, wakati zile ndogo hadi wati 150 huweza kuwa na E27, skurubu ya kawaida ya nyumbani. Nyingine hazisokotwi kabisa: zina ncha pande zote mbili, kitako cha Rx7s kwa wati 70 na 150, na Fc2 kwa wati 250 na 400. Kuingia kwa skurubu hakuthibitishi kwamba holda inafaa, kwa kuwa holda ya plastiki haivumilii joto wala mpigo wa ignita, na cheche huruka kati ya vyuma vyake hadi iungue. Inayotakiwa ni holda ya kauri iliyoandikwa kiasi cha mpigo inaouhimili, ambayo chuma chake cha katikati bado kina mruko na hakijashika masizi, na waya wa moto uende kwenye chuma hicho cha katikati, kamwe usiende kwenye ganda la skurubu ambalo mkono unaweza kuligusa.

Wafugaji wa matumbawe katika matangi ya vioo, huko Ulaya na Marekani, walikutana na tatizo hilihili la kulinganisha balbu na choki muda mrefu kabla taa za LED hazijachukua nafasi ya balbu hizi. Matumbawe huishi na mwani mdogo ndani ya miili yao, mwani ambao hutegemea mwanga, na kwa hiyo wafugaji hao walinunua balbu za wati 250 na 400 zenye mwanga wa kelvini 10,000, 14,000 hata 20,000, yaani mwanga unaozidi kuwa wa buluu. Wamarekani walizipa choki namba za utambulisho, M58 kwa wati 250 na M59 kwa wati 400 za kawaida, M80 na M135 kwa balbu za wati hizohizo zilizofuata mtindo wa Ulaya, na mnunuzi alilinganisha namba ya balbu na ya choki kabla ya kulipa. Choki za Marekani, hata hivyo, hutengenezwa kwa masafa ya hezi 60, na hazifai kwa umeme wa Afrika Mashariki wa masafa ya hezi 50 hata volti zikilingana.

Kioo cha nje cha balbu kinastahili tahadhari yake. Ndicho kinachozuia sehemu kali ya urujuanimno, na balbu ambayo kioo hicho kimevunjika huweza kuendelea kuwaka kwa kichupa cha ndani pekee, ikiwachoma macho na ngozi wanaokesha chini yake bila wao kuhisi lolote hadi asubuhi. Balbu kama hiyo huzimwa na kuondolewa, hata msimu ukiwa umepamba moto.

Tabia ya mwisho ya taa hizi haitibiwi kwa kulinganisha vifaa. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, tao huzimika, na kichupa kilichojaa mvuke wenye shinikizo hakikubali kuwashwa tena mpaka kipoe, kazi inayochukua dakika 10 hadi 15. Umeme ukirudi mara moja, taa za nyumba zote huwaka, mtego peke yake hubaki gizani, na senene waliokuwa wakizunguka juu ya mabati hufuata mwanga mwingine wowote walioupata, hata balbu ndogo ya barazani kwa jirani.