Nyumba ya Ukoo wa Lin

Mwaka juzi nyumba ya babu yangu ilibomolewa kupisha barabara. Fidia tulipata, lakini tangu siku ile babu hukosa pa kutukusanya wajukuu wote. Kwa hiyo, nilipokuta maktabani habari za nyumba moja ya mbali iliyopatwa na jambo kama hilo, niliisoma mara mbili. Wasomaji wapenzi, nataka kuwaelezeni habari zake.

Nyumba hiyo iko Taipei, katika kisiwa cha Taiwan, nayo huitwa Lin An Tai. Watu wa ukoo wa Lin walitoka Anxi, katika jimbo la Fujian nchini China, wakavuka bahari kwenda kutafuta maisha. Walifanya biashara, wakatajirika, na kuanzia mwaka 1783 wakajenga. Neno "An" ni la Anxi, yaani kwao. "Tai" limetokana na jina la biashara yao. Hata mawe yaliyotandazwa uwanjani mbele ya nyumba, husemekana kuwa yalikuwa farumi ya majahazi yaliyotoka China.

Nyumba imejengwa kwa matofali, mbao na vigae, na ncha za paa zimeinuka kama mkia wa mbayuwayu. Ukivuka mlango wa mbele waingia uani. Ua huo ndio moyo wa nyumba: huleta mwanga na hewa katika vyumba vinavyouzunguka. Ng'ambo ya ua ni ukumbi mkuu, ambamo wazee waliotangulia walikumbukwa. Kwa desturi ya nyumba za namna hii, wakubwa hulala karibu na ukumbi, na vijana hulala vyumba vya ubavuni. Ukoo ukiongezeka, safu nyingine ya vyumba huongezwa ubavuni. Basi chumba cha mtu hukuonyesha daraja lake katika ukoo.

Mwaka 1978 barabara ilitakiwa kupanuliwa mahali hapo. Nyumba haikupondwa, ilifunguliwa kipande kwa kipande, na katika miaka ya 1980 ikasimamishwa upya katika bustani ya mji. Leo ni makumbusho.

Likizoni nilimsimulia babu. Akauliza, "Na wenyewe wanakaa humo?"

Nikajibu, "Hapana, babu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata hivyo, wajukuu wao wana mlango wa kuonyeshwa."

Kwetu hakuna kilichobaki cha kusimamisha tena. Lakini jioni ile nilichukua daftari, nikaanza kuchora ramani ya nyumba yetu ya zamani, babu akinitajia nani alilala wapi.